Mwekezaji anataka asilimia 55 ya kampuni yetu ya sola, na mjomba hayumo kwenye karatasi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 33, naishi Tabata. Mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ufundi cha DIT tuna kampuni ndogo ya sola. Tulianza kwa kufunga taa na betri majumbani, lakini Kariakoo paneli zinauzwa kila kona na wenye maduka wanapunguziana bei mpaka faida inaisha, tukaona hapo hatutoki. Tukahamia kwenye pampu za maji za sola kwa wakulima wa mboga: Chanika, Kisarawe, Mkuranga, hadi Kibiti na Rufiji. Mwenzangu ndiye fundi, mimi nauza na kufuatilia marejesho.

Pampu moja na paneli zake tunaiuza shilingi 2,400,000. Mkulima anatoa kianzio cha 400,000, iliyobaki analipa mdogo mdogo kwa simu, 100,000 kila mwezi kwa miezi 20. Sisi inatugharimu 1,650,000 mpaka iwe imefungwa na maji yanatoka. Kuna mama mmoja wa mchicha kule Mkuranga, siku tuliyomfungia, maji yalipoanza kutoka kwenye mpira bila mtu kuvuta kamba ya mashine ya petroli, alikaa kwenye tuta, akavua kandambili, akaweka mguu kwenye maji. Hakusema neno kwa muda mrefu. Ndiyo maana kazi hii siwezi kuiacha.

Kwa miaka mitatu tumeuza pampu 146. Wateja 38 wamemaliza. Wengine 108 bado wanalipa: 79 hawana shida, 29 wanachelewa, na kati ya hao 29 kuna 11 ambao hawajalipa kwa zaidi ya miezi mitatu. Wanane kati ya hao 11 wako Rufiji, hawajasimama sawasawa tangu mafuriko ya Aprili 2024. Yote nimeandika kwenye kaunta buku. Anayechelewa namwekea alama ya kalamu nyekundu.

Shida yetu ni kwamba kadiri tunavyouza ndivyo tunavyoishiwa. Wateja 60 wamejiandikisha wanasubiri, na stoo kuna pampu nne. Mwezi uliopita nilikopa kwa rafiki ili niwalipe mafundi wetu wawili.

Sasa amejitokeza mwekezaji kutoka nje. Tumezungumza naye kwa video mara mbili. Anasema atatoa dola 250,000 achukue asilimia 55 ya kampuni, ila kwanza tulipe dola 4,800 za ukaguzi, tuzitume kwenye akaunti ya mtu aliyetutajia, ndani ya siku kumi. Mwenzangu anasema bora nusu shari kuliko shari kamili, tukubali. Mimi roho inasita.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mjomba wangu, mhasibu mstaafu wa bandarini, alitupa milioni 15 za kiinua mgongo chake tulipoanza. Hatukuandikiana. Alisema tu, "Mkisimama mtanikumbuka." BRELA, kwa msajili wa kampuni, tumeandikwa wawili, nusu kwa nusu. Mwenzangu anasema kwa mwekezaji tusimtaje kabisa.

Je, kampuni kama yetu inaweza kupata mwekezaji wa kweli, au ni ndogo mno? Na huyu tumjibu nini?

Kijana wa pampu, Tabata


Marahaba mwanangu.

Nianze na la haraka maana siku kumi zinakwenda. Hizo dola 4,800 msizitume. Mwekezaji anayetaka kununua sehemu ya kampuni huikagua kwa gharama zake, kwa sababu ukaguzi ni wa kumlinda yeye. Wapo wanaokata gharama za wanasheria kutoka kwenye fedha wanazoleta, siku ya kusaini, na hilo huandikwa wazi kwenye masharti. Lakini fedha itoke kwenu, iende kwa mtu binafsi, kabla hamjaona hata karatasi moja, tena kwa kuhesabiwa siku? Mwandikie hivi: gharama zozote zikatwe kwenye uwekezaji siku fedha itakapoingia, na naomba majina ya kampuni tatu alizowahi kuweka fedha, ikiwemo moja iliyomfia, ili niwapigie viongozi wake. Mtu wa kweli atakupa. Akinuna au akipunguza siku kutoka kumi kuwa tano, mmeokoa dola 4,800.

Sasa tuingie kwenye kampuni yenyewe. Nilikaa dawati la mikopo benki miaka 16, na barua yako ina kitu ambacho wengi waliokuwa wakija mbele yangu hawakuwa nacho: unajua pampu inakugharimu kiasi gani, inaingiza kiasi gani, na nani hajalipa. Twende taratibu na hizo namba zako.

Ukitoa pampu ya 1,650,000 na kupokea kianzio cha 400,000, umefungia shambani kwa mtu shilingi 1,250,000. Kwa 100,000 kwa mwezi inakuchukua miezi 12 na nusu kurudisha fedha yako tu. Miezi saba na nusu iliyobaki ndiyo inayokuletea 750,000, na humo humo ndimo mnalipa mafundi, nauli na kodi ya stoo. Kwa hiyo ukiuza pampu 30 mwezi mmoja, umezika milioni 37.5 kwa mwaka mzima. Hujakosea biashara. Uuzaji wa kulipwa mdogo mdogo ndivyo ulivyo, na umewashinda wakubwa. Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa 2011 na kufunga sola nyingi hapa Tanzania, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2019, na mwaka huohuo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Wateja walikuwepo. Ugumu wa biashara hii ni kungoja fedha iliyo mikononi mwa watu huku mzigo mpya unadai kulipwa leo.

Wateja wako 60 wanaosubiri wanahitaji milioni 75. Hiyo 1,250,000 mara 60, basi. Dola 250,000, hata tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500 kwa mfano, ni milioni 625. Unachokihitaji sasa hakifiki sehemu ya nane ya fedha anayokutajia, na ni fedha ya kuzunguka: inatoka, inarudi baada ya mwaka, inatoka tena. Mwanangu, hisa ukishaitoa hairudi. Usiuze hisa kununua mzigo. Fedha ya mzigo ni ya mkopo, kwa sababu mzigo wenyewe utaulipa.

Tuujaribu huo mkopo. Chukua riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kwa salio linalopungua, na kila rejesho la mkulima liende lote kupunguza deni la pampu yake, riba ikilipwa pembeni. Riba yote kwa pampu moja inakuwa kama 127,000. Kwenye zile 750,000 unabaki na 623,000 hivi. Inabebeka. Kisichobebeka ni mteja anayeacha kulipa mwezi wa tisa: huyo ameingiza 1,300,000 jumla, umepoteza 350,000, karibu nusu ya faida ya mteja mzuri. Ndiyo sababu mkopeshaji hatauliza sana habari za paneli. Atauliza marejesho.

Hapo ndipo kaunta buku lako linapokuwa mali, lakini si katika hali lilivyo. Kalamu nyekundu inaniambia fulani amechelewa. Hainiambii amechelewa siku ngapi wala bado anadaiwa kiasi gani. Hamishia kila mteja kwenye jedwali la kompyuta: tarehe ya kufungiwa, alicholipa kila mwezi, salio, na siku za kuchelewa, uwagawe waliopita siku 30, 60 na 90. Kisha hesabu kwa shilingi, usihesabu vichwa. Wateja 11 kati ya 108 ni karibu asilimia 10, lakini kama wote walikuwa wamebakiza miezi miwili, ni kitu kingine kabisa na kama wangekuwa wamebakiza 15. Madeni yaliyochelewa hivyo benki huyaita mikopo chechefu, na tarakimu ya kwanza watakayoitafuta ni hiyo.

Na hawa wanane wa Rufiji usiwafiche kwenye wastani. Waweke pembeni, waeleze. Bonde lile lilizama Aprili 2024, dunia nzima iliona. Mkopeshaji mwenye akili ataelewa kwamba nje ya Rufiji wateja watatu tu ndio waliopita miezi mitatu. Kisha atakuuliza swali gumu zaidi: mmefanya nini ili isijirudie? Uwe na jibu. Labda bondeni kianzio kiwe kikubwa, labda pampu ifungwe kwenye mkokoteni ihame maji yakija. Na nikuulize mimi: kwa nini mtu wa mboga anadaiwa 100,000 ileile mwezi Aprili, masika imepamba moto, pampu imelala na barabara imekatika, sawa na Agosti anapovuna na kupeleka Buguruni? Jedwali likikamilika angalia miezi ya masika. Nina hakika alama nyekundu zimejazana hapo. Panga marejesho yafuate mavuno, yawe mepesi masika na mazito kiangazi, utashangaa watu walewale wanalipa.

Milioni 75 zitatoka wapi? Mlango ulio karibu ni muuzaji wenu wa pampu. Mmenunua kwake zaidi ya pampu 140. Mwombe mzigo wa kulipa baada ya siku 60 au 90. Haitoshi peke yake, inapumulisha. Mlango wa pili wengi hawaufikirii: benki au SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, imkopeshe mkulima, ninyi mlipwe bei ya pampu papo hapo na kubaki na kazi ya kufunga na kuhudumia. TADB, benki yetu ya kilimo, ina mfuko wa dhamana unaobeba sehemu ya hatari pale benki za kawaida zinapowakopesha wakulima wadogo. CRDB nayo ilithibitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019 na ina mpango wa mikopo ya kilimo kinachohimili tabianchi. Pampu ya sola ya kumwagilia mboga inaangukia humo humo. Nendeni na wakulima wenu wa Mkuranga waliomaliza kulipa, wawe kikundi chenye jina. Wale 38 waliomaliza ni dhamana ambayo hamjaitumia.

Ruzuku mtumie kwa majaribio tu, kama ule mkokoteni. AECF, mfuko ulioko Nairobi, hutoa fedha za nishati jadidifu kwa mashindano, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia pale Kijitonyama, hufadhili ubunifu. GET.invest, mpango wa nchi za Ulaya, husaidia kampuni za nishati kuandaa maandiko na kutafuta mtu wa fedha anayefanana nao, na wao hawachukui hisa. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana hapa hapa Dar kwa mkutano wa nishati wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 kufikia 2030. Ulisikia mabilioni yaliyotajwa. Fedha ile haishuki yenyewe mpaka Tabata. Inapita kwenye mabenki na mifuko ya kati, na huko wanaomba hesabu zilizokaguliwa na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, taarifa za mwaka za BRELA na uthibitisho wa kodi wa TRA. Kama hamna hesabu zilizokaguliwa, anzeni nazo mwezi huu, kabla ya kumwandikia yeyote.

Mkikopa nje, mambo mawili. Mkopo huo unasajiliwa Benki Kuu kupitia benki yenu, msiupokee kienyeji. Na wakulima wenu wanalipa kwa shilingi. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kisha kufikia Desemba ikashuka hadi jirani na 2,400. Safari hiyo ilimfaa mwenye deni la dola. Ikigeuka, 623,000 yako yote inaweza kuondoka bila mkulima hata mmoja kukosea. Tafuteni mkopo wa shilingi hata kama riba yake inaonekana kubwa.

Kila atakayewasikiliza atauliza kuhusu umeme wa gridi. Serikali imefikisha umeme karibu vijiji vyote 12,318, sasa imehamia vitongojini, na kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Kwa biashara ya taa za sola majumbani swali hilo linauma, na mlifanya vyema kutoka huko. Shamba la mchicha lililo bondeni, mbali na nguzo ya mwisho, ni habari nyingine. Andika umbali wa kila shamba la mteja mpaka kwenye nguzo iliyo karibu. Mtu akiona safu hiyo kwenye jedwali lako, swali limejibiwa kabla hajaliuliza. (Na kwa kuwa mnatunza simu na mahali walipo wateja, hakikisheni mmejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ni ya 2022.)

Hisa mtaziuza siku moja, sikatai. Siku mnataka kufungua Morogoro, kuajiri mhasibu, kutengeneza mfumo wa kuzima pampu kwa mbali, hiyo ni kazi ya mtaji wa hisa. Na nikuambie jambo ambalo mwenzako atalipenda: bei aliyotaja yule bwana si ya dharau. Dola 250,000 kwa asilimia 55 maana yake kampuni yenu kabla ya fedha zake ameithamini kama dola 204,500. Kwa kampuni ya pampu 146 ni heshima, kama fedha ipo. Kinachonikera ni 55. Mtabaki na 22.5 kila mmoja, na mkiuza tena asilimia 20 baadaye, mnashuka hadi 18. Umiliki ukihama kwa zaidi ya nusu, Sheria ya Kodi ya Mapato inaweza kuihesabu kampuni kama imeuza mali zake na kuidai kodi. Mwanasheria aipime kwanza. Mimi ningeanzia asilimia 20, na nisingevuka 25, kwa sababu maazimio maalumu ya kampuni, kama kubadili katiba yake, yanahitaji robo tatu ya kura. Anayeshika zaidi ya robo anaweza kuwazuia peke yake.

Kwa hiyo swali lako kwamba ninyi ni wadogo mno: kwa mifuko mikubwa ya hisa, ndiyo, mko wadogo, na msipoteze mwaka mkiwakimbiza. Kwa mkopeshaji wa mzigo, kwa SACCOS, kwa ruzuku ya majaribio, mko saizi yao kabisa.

Na mjomba.

Nimesoma sehemu hiyo mara mbili. Mwenzako anaposema asitajwe, anadhani anarahisisha mambo. Milioni 15 zilizoingia kwenye kampuni zitaonekana tu mkaguzi atakapofungua taarifa za benki, na mtu wa fedha akigundua deni mliloficha, atajiuliza mmeficha mangapi. Nimewahi kufunga faili la kampuni nzuri kwa sababu hiyo hiyo, na sikufurahi. Lakini hata kama hakuna ambaye angegundua, mzee alitoa kiinua mgongo. Pale hakukuwa na pampu hata moja, hakukuwa na jedwali, alikuwepo mpwa wake tu.

Kaeni ninyi wawili kwanza, mwenzako akubali kwamba fedha ile ni ya kampuni na si msaada wa ukoo wako kwako. Kisha mwende wote kwa mzee mkiwa na njia mbili. Iwe mkopo, wenye tarehe na kiasi cha kurudisha, labda kwa awamu kuanzia mwaka ujao. Au iwe hisa zitakazoandikwa BRELA kwa jina lake, kila mmoja wenu akipunguza sawa. Achague yeye. Akisema "acheni tu", msiache. Wazee wetu husema hivyo kwa kutufichia haya. Msaini, na mke wa mjomba awepo, ili leo na kesho watoto wao wasije kuambiwa hawakuwa na kitu.

Mwende Jumamosi. Kaunta buku uliweke kwenye mkoba. Mzee ameshika hesabu za bandari maisha yake yote, na yale madeni ya siku 30, 60 na 90 hakuna atakayekupangia vizuri kumshinda. Mwombe mwanze na ukurasa wa Rufiji.